Mama wa Mfano

Kila Jumanne asubuhi nasimama mbele ya akina mama wa kliniki na kusema maneno yale yale. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa masharti matatu: mtoto awe hajatimiza miezi 6, awe ananyonya usiku na mchana bila hata uji, na wewe uwe hujaanza kuona siku zako. Moja likivunjika, njoo uchukue njia nyingine. Tena usingoje hedhi irudi ndipo uje, maana yai hutangulia, hedhi hufuata. Kuna wanaongoja hivyo mpaka wanajifungua tena.

Hayo nayasema bila kusoma popote. Wakati haya yananipata, mtoto wangu alikuwa ametimiza mwaka, anakula ugali na dagaa, na siku zangu hazijarudi. Nikajiona nimebahatika.

Mama mkwe ndiye aliyeanza. Mtoto aliharisha siku mbili, halafu akawa analikataa titi: analishika, anakunja uso, analiachia. "Mwanangu, huyu kabemendwa," akasema. Nikamweleza kwa upole wa kitaalamu kwamba hakuna kubemenda, kuharisha kunaletwa na uchafu, tumpe ORS na zinki siku 10. Akaitikia, "Haya, daktari." Kwenye kuharisha nilikuwa sahihi. Kwenye titi, mwanamke akishika mimba huku ananyonyesha, maziwa hupungua na kubadilika ladha kadiri mimba inavyokua, na mnyonyaji ndiye anayeonja. Kwa hiyo nyumbani kwangu waliojua walikuwa wawili: mmoja meno yameanza kumtoka, mwingine ndiyo kwanza yanamwota.

Kupima nilipima, msije mkasema. Kile kipimo cha mkojo cha kijikaratasi kina mishale inayoelekea chini na mstari wa mwisho. Unachovya bila kuuvuka mstari ule, unakilaza, unasoma baada ya dakika 5. Mimi nilikichovya mtoto yuko mgongoni analia, kikazama mpaka kwenye kishikio. Mkojo ukivuka pale unalowesha sehemu yenyewe ya kusomea, na kipimo kinaweza kisionyeshe chochote. Mstari mmoja huna, miwili unayo. Usipotokea hata mmoja, kipimo kimeharibika, chukua kingine. Swali hilo huwa nawauliza wanafunzi. Siku hiyo nilikigeuza mara mbili, nikasema: mmoja maana yake huna, na hapa hata huo mmoja hakuna. Basi sina kabisa.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa gesi. Tumbo kujaa, gesi. Kiungulia, gesi, nikatafuna magneziamu kama karanga. Kitu kikipita ubavuni usiku, gesi imehama. (Baadaye ultrasaundi ilionyesha kondo limekaa ukuta wa mbele, na kondo la mbele hufanya kama godoro: mtoto anapiga teke, mama anasikia kama mtu anagonga nyumba ya jirani.) Sketi ya sare nikaibana kwa pini, nikalaumu fundi.

Sasa tukaletewa mwanafunzi wa uuguzi, binti mpole, anatakiwa ajifunze kupima kimo cha mfuko wa uzazi. Ilikuwa jioni, akina mama wameshaondoka. Nikapanda kitandani mwenyewe. "Mimi nitakuwa mama wa mfano. Hutakuta kitu, lakini mkono wako utazoea."

Nikawa namwelekeza nikiwa chali. Kunja magoti ya mama kidogo. Ubavu wa mkono wa kushoto ushuke kutoka kifuani mpaka ukutane na kitu kigumu, hicho ndicho kilele. Sifuri ya utepe iwe juu ya mfupa wa kinena, namba zielekee chini ili usishawishike kuandika unachokitaka.

Akapima. Akageuza utepe. Akanyamaza.

"Sista, 26."

"Umeanzia wapi?"

"Kwenye mfupa."

"Hicho ni kibofu," nikamwambia. "Mama ambaye hajakojoa anakudanganya sentimita kadhaa. Ndiyo maana tunawaambia waende haja ndogo kwanza." Nikashuka, nikaenda, nikarudi nikiwa nimemshinda.

"23, Sista. Na kimeshapita kitovu."

Kilele hufika kitovuni karibu na wiki ya 20. Na mimi ndiye niliyemfundisha asubuhi ile ile.

Akachukua kile kipembe cha kusikilizia, akakibana tumboni, akaachia mikono. Vidole vyake vikaja kwenye kifundo cha mkono wangu, kama inavyotakiwa, ili mapigo ya mama yasihesabiwe kuwa ya mtoto. Dakika nzima. Feni tu ndiyo ilikuwa inaongea.

"Wewe 88," akasema. "Yeye 144."

Akavuta kadi mpya, akakaa kwenye kiti changu. Siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho? Nikafikiri. Ilikuwa kabla ya mtoto niliyenaye. Akaandika "hakumbuki", kwa mwandiko mzuri sana. Kisha akaniuliza kwa sauti ambayo niliitambua, maana ni yangu: "Mama, mbona umechelewa hivi kuanza kliniki? Hukusikia tunasema kabla ya wiki 12?"

Akanihesabia vidonge vya kuongeza damu, akaniambia kesho nije na baba tupimwe wote.

Nikampigia mume wangu. "Kesho asubuhi unatakiwa kliniki."

"Kuna nini? Mtoto kazidiwa?"

"Mtoto yupi?" nikamuuliza.