Noti zilizomzidi umri mpwa wangu

Mpwa wangu yuko darasa la sita. Juzi kanijia na simu ya mama yake mkononi. "Mjomba, Tanzania ina mikoa mingapi?" Nikamwambia 31. Akanikatalia kabisa: noti zake za Maarifa ya Jamii zimeandika 26.

Noti zenyewe ni faili la PDF ambalo dada yangu alirushiwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Halina jina la mwandishi wala mwaka, ila namba ya simu ya kuagizia noti zaidi ipo, tena kwa herufi kubwa.

Tukakaa kuzipima umri. Mkoa wa Manyara umo kwenye orodha, na Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, iliyoanzishwa 2012, haimo. Songwe wa 2016 ndiyo kabisa. Mbele kidogo sayari zimehesabiwa tisa, na Pluto ilitolewa kwenye hesabu hiyo mwaka 2006. Kwa hiyo ziliandikwa kati ya 2002 na 2006, au mwandishi alinakili za mtu wa miaka hiyo. Mtoto akacheka: "Kumbe zimenizidi umri!"

Aliyeziandika huenda hakukosea hata neno, kwa wakati wake. Ndiyo maana ule wimbo wetu wa "usiamini kila kitu cha mtandaoni" naona haumsaidii mwanafunzi. Anaitikia sawa, kisha anarudi kwenye PDF yake, na ana sababu: haili bando. Ikishashushwa inasomeka hata salio likiwa sifuri. Kumwambia afungue tovuti tano alinganishe ni ushauri wa mwenye waifai nyumbani.

Mimi ningeanza na swali moja tu: hiki kiliandikwa lini? Mwaka usipoonekana, atafute humo ndani kitu kinachobadilika, akikague hicho kimoja. Kikiwa kimepitwa, mengine ayasome kwa tahadhari.

Bando kidogo alilonalo alitumie penye maana. Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Baraza la Mitihani nalo huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, za darasa la saba zikiwemo: swali lililoulizwa, wengi walivyokosea, na kwa nini. Hazina hiyo ipo bure, na bado nawaona wazazi wanalipia "maswali tarajiwa" ya mtu wasiyemjua.

Jioni ile dada yangu aliandika orodha ya mikoa yote 31, akaituma kwenye kundi. Mpaka leo hakuna aliyejibu. PDF ile imerushwa tena mara mbili.