Nilivyomgeuza mpwa wangu petroli

Mpwa wangu alikuwa akitafuta kazi kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Akanijia asubuhi na mahamri ya moto ya kunilainisha. "Mjomba, wewe ndiye mwenye Kizungu chako. Niandikie barua ya sifa."

Nikavaa miwani. Nilitaka kusema kijana ni kiraka: mpange ukarani, mpange ghalani, kote anacheza. Kizungu chake ni versatile. Mimi nikaandika volatile. Na kwa kuwa mkono ulishapata moto, nikaongeza kwamba akiwa chini ya presha ndipo anapofanya kazi vizuri zaidi.

Siku ya tatu simu ikalia. "Shikamoo mzee. Huyu kijana nimuweke ghalani ama nimpeleke Shimanzi kwenye matangi ya mafuta?"

Nikamwambia popote tu, hana neno.

"Basi hebu pita ofisini, tunywe kahawa."

Kumbe bosi mwenyewe ameshughulika na mizigo ya hatari tangu ujana wake. Akanitolea lebo: almasi nyekundu, mwali wa moto juu, tarakimu 3 chini, yaani kimiminika kinachoshika moto. Petroli ikisafirishwa hubandikwa hiyo, na namba yake ni 1203. "Na sababu ni neno lako hilo hilo," akasema.

Mwaga mafuta ya kupikia sakafuni, kesho utayakuta palepale na utateleza. Mafuta ya taa yatakawia. Petroli, hata kitambaa hujakileta, imeshaanza kwenda zake. Ndiyo volatile, asili yake Kilatini, volare, kuruka. Ubaya ni kwamba mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini, unatambaa chini chini kama paka mwizi mpaka kwenye jiko la chumba cha pili, na moto unaanzia huko huku mwenye kumwaga bado anatafuta tambara.

"Sasa mtu wa hivyo ni mtu wa hamaki. Sasa hivi anacheka, ukigeuka ameshavunja kiti. Nawe waniambia nimtie presha!"

Nikajitetea: mbona neno hilo nalisikia kwenye habari kila siku? Akakubali. Bei ya mafuta au thamani ya sarafu ikipanda na kushuka ghafla huitwa hivyo. Hata mji ambao fujo zaweza kuzuka wakati wowote. Kwenye kompyuta, kumbukumbu ya RAM ni volatile kwa sababu umeme ukizimika kila kilichomo kimeruka. Lakini maji ya mfereji yanayokuja Jumatatu yakapotea mpaka Ijumaa, hayo ni erratic. Hayalipuki, yanakuudhi tu.

Hapo kahawa ikanipalia. Wiki moja nyuma nilikuwa nimemwandikia mwenye nyumba, kwa Kizungu kilekile, kwamba maji yetu ni volatile. Ndipo nikaelewa kwa nini alileta fundi wa gesi.

Kijana kazi aliipata, alhamdulillahi, na yuko ghalani mpaka leo. Ila pale hakuna amwitaye kwa jina alilopewa na mamake. Wanamwita Alfu Moja Mia Mbili na Tatu, na akipita wenye sigara wanazizima.