Tangi la Maji Mombasa: Juu ya Paa au Chini ya Ardhi?

Kila anayejenga gorofa Mombasa hufika siku ya kuvutana na fundi kuhusu tangi. Mwenye nyumba anataka tangi moja kubwa la plastiki juu ya paa, amalizane nalo. Fundi anamwambia achimbe shimo, ajenge tangi la saruji chini ya uwanja wa kuegesha magari. Wote wawili wana lao la kusema. Mimi namuunga mkono fundi, lakini kwa masharti ambayo mafundi wengi hawapendi kuyataja.

Maji matamu ya Mombasa hutoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Yakishafika mjini hugawanywa kwa zamu, na mitaa mingi huyapata usiku, yakiwa hayana nguvu. Sasa piga hesabu. Kupandisha maji mita 10 kunahitaji presha ya baa 1. Paa la gorofa nne liko mita 12 au zaidi kutoka chini, kwa hiyo bomba linalochuruzika saa nane za usiku halitafika huko hata uliombee dua. Tangi la juu litaamka tupu ilhali mtaani maji yalifunguliwa. Shimo, kwa kuwa liko chini kuliko bomba la barabarani, hupokea hata mchirizi, na pampu hupandisha kukikucha.

Anayetetea paa naye hakosi hoja. Stima ikikatika, tangi la juu huendelea kutoa maji, na wapangaji huoga bila kujua kuna shida. Likipasuka unaona papo hapo. Likizeeka unalishusha, unaweka jingine. Hakuna kuchimba mwamba wa matumbawe, kazi inayokula pesa na vidole.

Uzito ndio unaonitia wasiwasi. Lita 1,000 za maji ni tani 1, kwa hiyo tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10, sawa na kuegesha matatu tano hivi za abiria 14 juu ya chumba cha mpangaji. Slabu iliyochorewa uzito huo na injinia haina neno. Lakini tunajua jinsi matangi yanavyoongezwa: nyumba imekwisha, wapangaji wanalalamika, keyateka anatumwa dukani, tangi linavutwa juu kwa kamba na kutuliwa pale penye nafasi. Mara nyingine huwekwa juu ya mbao mbili tatu. Tangi la plastiki linataka kitako chake chote kilale mahali palipo sawa. Likiwekwa juu ya mbao zilizoachana, tumbo huanza kushuka katikati ya mbao na ufa huanzia hapo hapo. Na nyumba za Mji wa Kale, zenye dari za boriti za mikoko, hazikujengwa kubeba mzigo wa namna hiyo kabisa.

Shimo nalo lina ubaya ambao hauonekani, na ndiyo maana ni ubaya zaidi. Ardhi yetu ni matumbawe yenye vitundu, na ploti nyingi zina choo cha shimo au tangi la majitaka hatua chache tu kutoka hapo. Tangi la saruji likipata ufa, maji hutoka likiwa limejaa. Likipungua na ardhi ya nje ikiwa imelowa, yale ya nje huingia. Wakati wa masika hilo si jambo la kufikirika tu. Tena kuna mchanga. Anayejengea mchanga wa baharini ambao haukuoshwa anatia chumvi ndani ya zege. Nondo hushika kutu, hufura, na plasta hubanduka vipande vipande. Matangi ya chuma nayapita haraka: hewa ya bahari huyala, na bila rangi ya mara kwa mara hayafai.

Kuna jambo ambalo mabishano ya juu na chini hulisahau. Majengo mengi hapa hutumia maji aina mbili: matamu ya kupikia na kunywa, na ya kisima yenye chumvi ya kufulia na chooni. Ukiwa na tangi moja, yatachanganywa siku ya shida, na yakishachanganyika hata chai hainyweki. Kwangu, matangi mawili madogo yana maana kuliko moja kubwa.

Tuchukue jengo la nyumba 12, kila moja watu 4. Kwa lita 50 kwa mtu, siku moja ni lita 2,400. Mgao ukija kila baada ya siku 4, unahitaji lita 9,600. Ningeweka shimo la lita 3,000 la kupokea tu, plastiki mbili za lita 4,000 chini kwenye msingi wa zege ambapo zinaonekana na kusafishika, na paani tangi la lita 2,000 pekee la kushushia maji. La kisima liwe na mabomba yake, mbali kabisa na haya. Gharama ya pampu inaongezeka, kweli, na mtu wa kuiwasha anahitajika. Kuweka akiba zaidi ya hapo sioni faida: klorini, dawa ya kuua vijidudu, hupungua kadiri maji yanavyokaa, hasa kwenye joto letu.

Na fundi akimaliza, asiachiwe aondoke kabla hujapanda kuangalia mfuniko na bomba la kumwagia maji yanayozidi. Bomba hilo huachwa wazi karibu kila mahali. Mbu aina ya Aedes, wanaoeneza homa za dengi na chikungunya, hutaga kwenye maji yaliyohifadhiwa majumbani, na Mombasa imeshapigwa na dengi zaidi ya mara moja, kisha chikungunya mwaka 2017 na 2018. Kipande cha wavu na waya wa kukifungia vinatosha.