Tela lililotulia lina hoja kuliko gari-nyumba

Anapotajwa mwekezaji mdogo wa utalii mwenye hela ya kununua kitu kimoja tu, watu wa safari hapa Arusha huelekea upande mmoja: anunue gari-nyumba kamili, lenye kitanda, jiko, friji, choo na tangi la maji, alikodishe kwa wageni wanaojiendesha. Tela la aina ya paki modeli, lile ambalo Wamarekani huliegesha kambini na kulikalia msimu mzima, hawalitaki hata kulisikia. "Lina magurudumu halafu haliendi popote, la nini?" Swali hilo naliona limekosea mahali pa kuanzia.

Gari-nyumba lina haki yake. Nyumbu huzaa kwenye nyanda za Ndutu kati ya Januari na Machi, na ikifika Julai au Agosti wako kaskazini wakivuka Mto Mara. Mgeni anayetaka kuwafuata hawezi kufungwa na chumba kimoja cha Karatu. Gari lina betri zake, gesi yake na maji yake. Umeme ukikatika, taa zake zinawaka. Kwa familia inayotoka Nairobi kuzunguka hadi Iringa, sina la kubisha.

Lakini uhuru huo ukifika hifadhini hupungua sana. Kulala ni kwenye kambi zilizotengwa, na usiku hakuna kuzurura na gari. Kreta ya Ngorongoro haishukwi ila na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na kule chini hakulaliwi, kwa hiyo gari-nyumba kubwa linabaki ukingoni huku mwenyewe akikodi Land Cruiser. Upande wa mji wa Moshi ndiyo zaidi. Anayepanda Kilimanjaro huliacha gari getini, Marangu au Machame, akakaa mlimani siku tano hadi nane. Siku zote hizo analipia kitanda asichokilalia.

Halafu kuna choo. Gari-nyumba la kawaida hukusanya kinyesi kwenye tangi la lita mia moja na ushee, na familia ya watu wanne hulijaza ndani ya siku chache. Marekani kambi nyingi zina sehemu ya kulimwaga: unaunga bomba, unafungua vali, uchafu unaingia kwenye mfumo wa maji taka. Kambi zetu za umma hazikujengwa kwa ajili ya bomba hilo; zina vyoo vya mtu kuingia kwa miguu yake. Sasa dereva afanyeje? Akimwaga kwenye septiki ya kambi, dawa ya tangi, hasa yenye fomaldehidi, huua bakteria wanaoozesha uchafu, na septiki huanza kunuka na kuziba. Akimwaga porini, mvua za masika zitaubeba uchafu huo hadi mtoni. Akiamua kurudi nao mjini, atausafirisha kwenye ile changarawe inayoanza lami inapoishia, geti la Lodoare, gari likitetemeka hadi skrubu za makabati zinalegea. Wanaolitetea gari-nyumba huzungumza bei ya dizeli, bima na mapato ya msimu. Choo hawakitaji, wakati ndicho kitu ambacho kila mgeni atakitumia kabla hata ya kifungua kinywa.

Tela la paki modeli kwa kawaida halina matangi hayo. Lina bomba moja linaloingia kwenye septiki iliyochimbwa mara moja na kufunikwa vizuri. Ni kweli kwamba bila maji, umeme na shimo hilo, tela ni boksi tu. Usa River, Karatu na Marangu vitu hivyo vipo.

Na magurudumu? Kazi yake ni ya ardhi. Mtu aliyekodi kiwanja Usa River kwa miaka mitano akajenga vyumba vya matofali, mkataba ukiisha anaondoka na funguo tu. Mwenye tela anaita lori la kuvuta. Kwa Wachaga uzito ni mkubwa zaidi. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, ni cha ukoo, kina makaburi ya wazee, na kaka anayeinua nyumba ya wageni ya kudumu pale anaweza kuanzisha kesi watakayoirithi watoto wake. Tela halidai mpaka wa ardhi. Wazee wakikaa kikao na kusema liondoke, litaondoka, na mwenyewe hatakuwa amepoteza mtaji wake wala undugu.

Kuliagiza Marekani nisingeshauri. La kule hufikia mita za mraba 37 hivi, mara nyingi na upana wa mita 3.6, na nyaya zake ni za volti 120 wakati sisi tunatumia 230. Upana huo haupiti kwenye vichochoro vya migomba vya Kibosho. Arusha tunao mafundi wanaokata chesi, yaani fremu ya chini, ya Land Cruiser, wakairefusha na kuichomelea ibebe watalii Serengeti. Chesi ya tela haitawashinda. Upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 8 unatoa mita za mraba 20, nafasi ya kitanda, bafu na meza ndogo, na nje unaongeza kibaraza kinachotazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Kabla ya kumlipa fundi, mwenye mali achukue futi kamba apime njia ya kuingia kihambani, kona kwa kona, aangalie pia septiki itakaa mbali kiasi gani na mfereji wa maji wa majirani.