Priest kaacha unga sawa, ila toba iko wapi?

Super Fly, muvi ya Kimarekani ya 1972 kuhusu muuza unga mweusi anayeitwa Priest, mpaka leo inagawanya watu. Wapo wanaosema inawapamba wauza unga, ile Cadillac, yale makoti marefu, na hii hoja ina umri wa muvi yenyewe maana Junius Griffin wa NAACP (chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani) tawi la Hollywood alizikomalia muvi za aina hii mwaka huohuo, jina la blaxploitation lenyewe, yaani muvi zinazowatumia watu weusi kuvuna hela, linahusishwa na yeye. Wengine wanasema hapana, hii ni stori ya mtu anayehangaika kutoka kwenye uhalifu. Hawa wa pili nawaelewa, ila wakifika kwenye kusema jamaa "kaokoka" hapo wananipoteza.

Kwa asiyeiona: Youngblood Priest (Ron O'Neal) anauza kokeini Harlem, mtaa wa watu weusi New York, kachoka, anamwambia mshikaji wake Eddie wapige dili moja la mwisho, kilo 30, wavune dola milioni moja ndani ya miezi minne halafu basi. Eddie anamwona chizi, una tivii ya rangi kila chumba na unga wa kunusa kila siku unataka nini tena, mchezo mchafu sawa ila ndio pekee mzungu aliotuachia. Na Eddie ana pointi jamani, huwezi kuipuuza.

Sasa angalia Priest anamfanyia nini Freddie, kijana wake wa mtaani anayedaiwa hela. Anamtisha kwamba asipoleta, mkewe atapelekwa barabarani akajiuze. Huyohuyo ndo stelingi wetu anayetaka maisha mapya! Baadaye polisi wanampiga Freddie mpaka anataja, anajaribu kukimbia, anagongwa na gari anakufa. Kinachomchosha Priest sio wale anaowauzia, ni kuishi chini ya mtu, anataka uhuru, na uhuru wenyewe unalipiwa na kilo 30 zinazoingia mtaani kwao.

Curtis Mayfield, mwanamuziki aliyetunga nyimbo za muvi hii, ndo aliyeliona hili. Wimbo wake Freddie's Dead unamlilia yule kijana na kuwasema waliomtumia, ila kwenye muvi unasikika muziki mtupu, maneno hayamo, mpaka ukakosa sifa ya kushindania Oscar kwa sababu hiyohiyo. Yaani lawama nzito kuliko zote imebaki kwenye sahani ya santuri, mwenye tiketi ya sinema hakuisikia.

Upande wa pili nao usidharauliwe. Mpaka 1968 Hollywood walikuwa na kanuni kwamba mhalifu lazima alipie, halafu miaka minne tu baadaye watu weusi wamekaa sinema wanamwona mwenzao anamkabili Reardon, bosi wa polisi ambaye ndiye msambazaji mwenyewe, anamwambia nimeshalipia wauaji, ukinigusa familia yako imekwisha, kisha anaingia kwenye gari anaondoka, hela zake ziko salama. Mzuka ule naujua unatoka wapi. Ila huo ni ushindi, toba ni kitu kingine, na watu wanavichanganya.

Cha ajabu toba walikuja kuijaribu 1973 kwenye muvi ya mwendelezo, Super Fly T.N.T., O'Neal mwenyewe akaongoza, Alex Haley akaandika, Priest yuko Roma anavutwa kusaidia mapinduzi ya nchi moja ya Afrika. Hapo sasa anahatarisha maisha kwa ajili ya watu wengine, na watazamaji hawakuwa na habari nayo.