Stendibai ya wafanyakazi wa ndege: apande mkongwe au aliyewahi?

Mfanyakazi wa shirika la ndege hasafiri bure namna watu wanavyodhani. Anasafiri kwa stendibai, yaani pale kiti kinapobaki, na mara nyingi kiti kimoja kilichobaki kina watu watano wanaokingoja. Nani kati ya hao watano apewe ni jambo linalowagombanisha wafanyakazi kuliko hata zamu za sikukuu, na mashirika makubwa ya Marekani yamelijibu kwa njia mbili zinazopingana. Delta na United, ndani ya daraja moja la stendibai, hufuata tarehe ya kuajiriwa: mwenye miaka 30 kazini humpita mwenye miaka 2, hata kama huyu wa miaka 2 yuko getini tangu alfajiri. American hufuata saa ya kujisajili kwa safari (check-in): dirisha hufunguka saa 24 kabla ya ndege kuondoka, na aliyewahi hukaa juu.

Mvutano huu ulijitokeza wazi American ilipoungana na shirika jingine la Marekani, US Airways, Desemba 9, 2013. Watu wa US Airways walizoea kupangwa kwa ukongwe. Wenzao wa American walizoea saa. Orodha ya getini ni moja, haiwezi kufuata kanuni mbili. Kampuni ikachagua saa, na wakongwe wa US Airways wakajiona wamenyang'anywa kitu walichokisotea kwa miongo.

Kabla ya kuamua nani ana haki, ngazi yenyewe ya vipaumbele ieleweke, maana mabishano mengi huharibika hapa. Juu kabisa wapo wasio stendibai hata kidogo: marubani na wahudumu wanaopelekwa mji mwingine kuanza kazi. Hao hupewa kiti cha uhakika kwa sababu wasipofika, kuna ndege nzima huko mbele haitaruka. Tukio la Aprili 9, 2017, pale Dkt. David Dao, abiria aliyelipa nauli, alipoburutwa kutoka kwenye ndege ya United Express ya Chicago kwenda Louisville, lilitokana na kutafutia viti watu wanne wa namna hiyo, wala si wafanyakazi waliokuwa wakienda matembezi. Baada ya hapo United iliagiza wanaosafirishwa kikazi wawe wameshawekewa nafasi angalau dakika 60 kabla ya ndege kuondoka. Wanaofuata ni abiria waliolipa nauli lakini wamekosa ndege yao au wanataka kuondoka mapema zaidi. Hakuna mfanyakazi wa stendibai anayewapita.

Wafanyakazi wanaanzia chini ya hao. Kwa American, D1 ni pasi (vibali vya kusafiri) chache za kipaumbele kwa mwaka. D2 ni mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wanaomtegemea. D2R ni wastaafu. D2P ni wazazi. D3 ni marafiki wanaotumia pasi za mfanyakazi. Chini kabisa ni wafanyakazi wa mashirika mengine, wanaosafiri kwa tiketi za ZED ambazo bei yake hupangwa kwa umbali. Saa au ukongwe huamua ndani ya daraja tu. Mwenye D2 aliyejisajili akiwa amechelewa bado yuko juu ya D3 aliyejisajili jana yake.

Tazama sasa inavyokuwa getini. Chukua Boeing 737-800 yenye viti 172. Vimeuzwa 166, na orodha ya stendibai ina majina 11. Anayeangalia kwa haraka ataona nafasi 6 na kujipa moyo. Lakini ndege ya saa 12 asubuhi ya njia hiyohiyo imefutwa, na abiria 4 wa kulipa wamehamishiwa hapa, kwa hiyo zimebaki 2. Dakika 15 kabla ya kuondoka, mfanyakazi wa geti anawatoa wasiotokea, watu 3. Nafasi zinakuwa 5. Anaita jina la kwanza, anaita la pili. Linalofuata ni familia: baba, mama na watoto wawili. Wanahitaji viti 4, vipo 3. Wasipokubali kugawanyika wanarukwa, na watatu waliokuwa nyuma yao wanaingia. Ndiyo maana familia zinazoujua mchezo huu hujisajili kwa rekodi mbili, kila mzazi na mtoto mmoja, ili nusu iondoke ikibidi na kusiwe na mtoto asiye na mtu mzima.

Tena kiti kitupu si lazima kiwe nafasi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi, na zaidi mchana wa joto, ndege yenye mafuta ya safari ndefu inaweza kufikia uzito wake wa mwisho wa kuruka kabla viti havijajaa. Stendibai ndio wa kwanza kuachwa, hata kama kupitia dirisha la geti wanaona safu nzima iko wazi.

Hoja ya wakongwe ni nzito kuliko vijana wanavyotaka kukubali. United iliingia kwenye ufilisi mwaka 2002, Delta mwaka 2005, American mwaka 2011. Wafanyakazi walikatwa mishahara, na mwaka 2005 mifuko ya pensheni ya United ilikabidhiwa kwa PBGC, taasisi ya serikali ya kulinda pensheni, ambayo ina kikomo cha inacholipa. Kwa wengi haki ya kusafiri ndiyo iliyobaki mkononi. Ukimwambia mtu huyo kwamba miaka yake 30 haina thamani kuliko kidole chepesi kwenye simu, unamdhulumu. Na kidole hicho kina tatizo lake. Ndege ikiondoka saa 12 asubuhi, dirisha hufunguka saa 12 asubuhi ya jana yake. Mhudumu aliye angani juu ya Pasifiki wakati huo hawezi kujisajili asipokuwa na mtu nyumbani wa kumfanyia. Mwenye kazi ya ofisini anabonyeza sekunde ileile dirisha linapofunguka. Saa, ambayo inaonekana haina upendeleo, ina upendeleo kwa mwenye nafasi.

Upande wa pili una jibu. Ukongwe tayari unatawala kila kitu katika kazi hii: njia unazoruka, siku za mapumziko, mwezi wa likizo. Mkongwe huchukua Julai na Desemba, mgeni hubakiwa na Februari. Kumpa huyohuyo na kiti cha getini ni kumlipa mara mbili kwa miaka ileile. Kisha kuna kundi ambalo haliko kwenye hoja hii hata kidogo: watoto. Mwenye miaka 2 kazini ndiye kwa kawaida mwenye watoto wadogo, na ndiye asiyeweza kungoja siku tatu uwanjani.

Hata hivyo, kinachonipa mimi msimamo ni hali ya aliyeachwa getini. Ndege ya kwanza imejaa, jina lako linahamishiwa ya pili. Kwa kanuni ya ukongwe, unaanza upya: mkongwe aliyeamka saa 4 asubuhi, akajiorodhesha kwa ndege ya saa 6 mchana, anakupita. Ndege ya tatu anakuja mwingine. Mtu mwenye tarehe changa anaweza kukaa siku nzima akiwa wa mwisho kila mara, na ajuapo kwamba yu wa tano asubuhi hajajua chochote kuhusu jioni. Kwa kanuni ya saa, pale ambapo saa yako ya asubuhi inahama nawe, kila ndege inayoondoka inakusogeza mbele. Kungoja kunahesabiwa. Mfumo wa stendibai lazima uache watu kila siku. Nadhani haki yake ipimwe kwa jinsi unavyowatendea hao walioachwa, na hapo saa inashinda.

Haishindi bila kasoro. Pale saa ya safari ya kwanza inapobebwa hadi ya kuunganisha, mtu anayetoka mji mdogo kupitia Dallas kwenda London amejisajili saa kadhaa kabla ya mwenyeji wa Dallas kuruhusiwa kufanya hivyo. Mwenyeji anakuta orodha imejaa kabla dirisha lake halijafunguka. Hilo halina utetezi mzuri. Kuna na wanaojisajili kwa ndege wasizokusudia kupanda ili kujihifadhia nafasi, na hao huwafanya wengine wakate tamaa warudi nyumbani wakati viti vilikuwepo.

Dawa yake haihitaji kurudi kwenye ukongwe mtupu. Saa ya kwanza ya dirisha ihesabiwe kuwa wakati mmoja, kuanzia ufunguzi hadi dakika 60, na ndani yake tarehe ya kuajiriwa ndiyo ipange. Mbio za sekunde zinakufa, mhudumu anayetua dakika 40 baada ya dirisha kufunguka hajapoteza kitu, mkongwe anayejali anapata uzito wake, na anayeamka saa 4 hampiti aliyelala uwanjani. Kwa wanaounganisha ndege, kila safari ihesabiwe kwa dirisha lake yenyewe. Msiba na ugonjwa vibaki kwenye pasi za kipaumbele, ambazo ziwe chache kweli. Zikiwa nyingi zinakuwa tu daraja jipya la kawaida.

Wastaafu wa American walilalamika sana walipowekwa D2R, chini ya walio kazini. Nawaelewa, kwa kuwa waliahidiwa kitu walipokuwa wakifanya kazi. Lakini mstaafu anaweza kuhamisha safari yake hadi Jumanne, wakati aliye kazini kesho saa 11 alfajiri anatakiwa awe amevaa sare. Naona daraja lao ni sahihi, mradi lisizidi kushuka.

Kwa wazazi sheria ya kodi ya Marekani inaeleza mengi. Kifungu cha 132 hakitozi kodi safari za mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wanaomtegemea, na kinawataja wazazi mahususi kwa usafiri wa ndege. Kaka na dada hawamo. Safari zao huweza kuhesabiwa kama mapato ya mfanyakazi. Kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anayepakia mizigo ya ndege Atlanta anaweza kumwombea mama yake pasi, na wengi huchukua kazi hiyo kwa sababu hiyo hasa. Shida ni kwamba Delta, United na American haziruki hadi Nairobi wala Dar es Salaam. Mama lazima apite kwa shirika jingine, tuseme KLM la Uholanzi kupitia Amsterdam, na huko yuko nyuma ya wafanyakazi wote wa KLM na familia zao. Akiachwa Schiphol, uwanja wa Amsterdam, usiku bila viza ya Schengen ya kuingia Ulaya, hawezi kutoka kwenda hoteli ya nje ya uwanja. Huenda akalala kwenye viti vya uwanja hadi ndege ya kesho, akiwa peke yake.

Mwenye kumleta mzazi namna hii anunue tiketi kamili hadi mji wa kwanza wa kuingilia Marekani, na stendibai aitumie kwa safari ya ndani tu. Begi halileti tabu, kwani kwa kawaida anayeingia nchini humo hulichukua mwenyewe forodhani kwenye uwanja huo wa kwanza na kulikabidhi tena. Wakati wa kurudi, safari ya ndani ifanywe siku moja kabla ya ile ya kulipia, kwa ndege ya kwanza ya asubuhi, ili kuwe na ndege nyingine kadhaa nyuma yake siku hiyohiyo.