Sajenti darasani, wenzake kijiweni

Jumanne na Alhamisi jioni nafundisha Kiswahili kwenye darasa la watu wazima hapa Mbeya. Ni darasa la QT, Mtihani wa Maarifa, ambao mtu aliyeikosa sekondari ya kawaida huufanya kwanza ili baadaye aruhusiwe kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Nina mabinti waliokatizwa shule na ujauzito, nina fundi wa bajaji, nina mama anayeuza ndizi Mwanjelwa. Na tangu mwaka jana nina sajenti mstaafu.

Wanafunzi wenzake wanamwita afande. Mimi ananiita mwalimu, na husimama ninapoingia, ingawa kwa umri amenizidi mbali. Siku moja nilitoa insha ya masimulizi: safari usiyoisahau. Akaandika mistari minne, herufi zimenyooka kama za daftari la zamu: tarehe, saa ya kuondoka, idadi ya magari, jina la mto. Halafu akapiga mstari kwa rula na kunirudishia karatasi. "Hii nitaimalizia siku nyingine, mwalimu." Alikwenda misheni ya Umoja wa Mataifa, Kongo. Ile insha sijamdai mpaka leo.

Anachokitaka hakifichi. Afaulu QT, afanye kidato cha nne, apate zile D nne za kuingilia chuo, asomee ustawi wa jamii, kisha awahudumie wenzake wa depo ambao wamestaafu lakini usiku bado wako lindoni. Mmoja, upande wa Mbalizi, hulala taa imewaka, na mkewe amehamia chumba cha watoto. Mwingine huwa kwenye kilabu cha pombe ya komoni asubuhi, kabla chai haijaiva majumbani.

Mpango huo umewagawa watu wanaomfahamu, na nimewasikiliza wote. Kuna maswali mawili ndani yake, na watu huyachanganya. La kwanza ni kama inafaa mtu wa umri wake kutumia mafao yake kusoma. La pili, ambalo kwangu ndilo zito, ni kama askari aliyeumia anafaa kumhudumia askari mwenzake aliyeumia.

Hilo la kwanza lina hesabu zake, na hesabu haziko upande wake. QT mwaka mmoja, kidato cha nne mwaka mwingine kama si miwili, astashahada mwaka, stashahada miaka miwili mbele. Akimaliza atakuwa anakaribia 55, umri ambao mtumishi wa umma huruhusiwa kustaafu kwa hiari. Bodi ya Mikopo imekuwa ikiweka kikomo cha miaka 35 kwa mwombaji, kwa hiyo kila shilingi itatoka kwenye kiinua mgongo. Shemeji yake, mwenye shamba Rungwe, alinieleza bila ukali: mche wa parachichi uliobebeshwa huanza kuzaa ndani ya miaka mitatu au minne, kabla cheti cha chuo hakijapatikana. Mke wa sajenti naye aliniuliza swali moja tu. "Mwalimu, hiyo stashahada itatulisha?"

Sikumjibu haraka, kwa sababu swali lake ni la haki. Nyanda hizi zimejaa wastaafu waliotapeliwa kiinua mgongo, na zimejaa pia waliokiweka kwenye mpaini Mufindi au viazi na leo wanasomesha wajukuu. Ninachoweza kusema upande wa pili ni kwamba askari wa vyeo vya chini huondoka jeshini mapema, nguvu zikiwa bado mwilini, na mbele yake huwa na miaka ishirini ya kufanya kazi. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuchagua kati ya shamba na kitabu. Huyu wangu analima, na anasoma jioni.

Marekani walibishana hivi hivi mwaka 1944, pale Rais Roosevelt aliposaini sheria ya kuwalipia masomo askari waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Robert Hutchins, aliyekuwa akiongoza Chuo Kikuu cha Chicago, alionya kwamba vyuo vitageuka makambi ya wazururaji. Haikuwa hivyo. Zaidi ya milioni saba walitumia fursa ile kusoma au kujifunza ufundi, na walimu wengi waliwakuta kuwa wanafunzi makini kupita vijana waliotoka moja kwa moja sekondari. Nalisoma jambo hilo nikimkumbuka mtu wangu anayesimama mwalimu akiingia. Lakini historia ile ina upande wa pili ambao wanaoisifu huuruka. Askari weusi wa majimbo ya Kusini walinyimwa sehemu kubwa ya fursa hizo kwa hila za maofisini. Na vituo vya kuwahudumia askari wa zamani kwa majeraha ya moyo, karibu na walipoishi, vilianzishwa mwaka 1979, miaka 35 baada ya sheria ya masomo. Shule peke yake ilikuwa haijamponya mtu aliyekuwa akiota vita.

Hapo ndipo swali la pili linapoingia.

Kwetu huku mtu akisikia fulani alikwenda misheni, anafikiria posho. Anaiona nyumba yenye bati la rangi, anasema misheni imemlipa. Haoni kwamba ile brigedi ya mashambulizi iliyoidhinishwa na Umoja wa Mataifa kwa Azimio 2098 la mwaka 2013, ikiwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza akiwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, ilipelekwa kupigana kweli kweli. Mwaka huo huo, Julai 13, askari wetu saba waliuawa Darfur, Sudan. Desemba 7, 2017, kambi yetu ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa usiku na zaidi ya kumi wakafa. Majeneza tuliyaona kwenye televisheni. Walionusurika hatukuwaona, na baadhi yao sasa wanastaafu na kurudi Tukuyu, Mafinga, Makambako.

Nyuma yao kuna wazee wa Vita vya Kagera, waliopigana na Idi Amin wa Uganda. Katika vita vile jeshi lilipanuka ghafla kwa kuongeza mgambo, JKT, polisi na magereza; Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, na vita vilipokwisha, wengi walirudi vijijini kwao. Walikuta nchi imeambiwa ijifunge mkanda kwa miezi 18, na mkanda wenyewe ukakazwa miaka mingi zaidi ya hiyo. Nani alikuwa na nafasi ya kumuuliza kijana wa Makete kwa nini anashtuka mlango ukibamizwa? Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunawaheshimu waliolala kwenye makaburi ya Kaboya, Kagera, na tunafanya vyema. Wazee walio hai tunawapigia makofi wakipita mbele ya jukwaa, kisha wanapanda basi kurudi makwao.

Wanaomuunga mkono sajenti wanasema mtu wa namna hii humfungukia mwenzake tu. Mimi nimeliona hilo kwa macho. Mwaka jana tulimsindikiza yule wa Mbalizi kwenye kituo kimoja cha afya hapa jijini. Kijana wa mapokezi akauliza kwa sauti, foleni nzima inasikia, "Ndiye huyu mzee aliyechanganyikiwa?" Yule bwana akageuka, akatoka, akatembea kwa miguu mpaka stendi. Ilimchukua sajenti wiki tatu kumrudisha hospitalini, mahali pengine, na hakumbembeleza kwa maneno mengi. Alikuwa akienda kwake jioni, wanakaa nje kwenye benchi, wanaongea habari za mbolea. Siku ya nne au ya tano yule mwenzake akasema mwenyewe, "Na wewe huwa unaisikia ile redio usiku?" Hakuna daktari ambaye angeulizwa swali hilo.

Lakini wanaopinga nao wana mambo, na nisingependa yapuuzwe kwa sababu tu tunampenda sajenti.

Muuguzi mmoja wa afya ya akili, dada ninayemheshimu sana, alinieleza hofu yake. Mtu mwenye kiwewe akimsikiliza mwenye kiwewe, kila simulizi inaweza kumrudisha kule kule. Anaondoka pale amebeba mizigo miwili. Halafu kuna cheo: aliyekuwa koplo hawezi kumwambia sajenti wake kwamba siku ile aliogopa akajificha. Kuna kiapo pia. Askari hustaafu, siri zake hazistaafu. Anajua yapo mambo ya operesheni ambayo hana ruhusa kuyasema popote, na anaweza kunyamaza yote, hata yale ambayo ni maumivu yake mwenyewe, kwa kuogopa kuvuka mstari asioujua ulipo.

La kunitisha zaidi ni hili. Siku mwenzake akimwambia "nimechoka kuishi", sajenti atafanya nini? Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kifungu hicho, nionavyo mimi, kinaziba midomo ya watu wanaohitaji kuongea kuliko wote, na kingepaswa kuondolewa. Ila kipo, na mtu asiyefundishwa anaweza kuahidi "sitamwambia yeyote" kwa nia njema kabisa, na ahadi hiyo ikaishia makaburini. Rafiki hutunza siri. Mhudumu aliyefundishwa anajua ni siri ipi isiyotunzwa, na ampigie nani simu usiku huo huo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "upendo unatosha, shule ya nini". Ukizisikiliza kwa makini, hoja za dada yule muuguzi zote zinadai mafunzo. Hazimkatai sajenti.

Huko Marekani, kabla ya vituo vile vya 1979, askari waliotoka Vietnam walikuwa wameanza wenyewe, mwaka 1970, kukaa vikundi na kuongea jijini New York. Hawakuwaamini madaktari wa serikali. Lakini waliwaalika wataalamu wawili wa magonjwa ya akili, Robert Jay Lifton na Chaim Shatan, waje wakae nao kwenye duara, wakiwa wasikilizaji kama wengine. Yaliyosikika pale yalisaidia kusukuma ugonjwa ule wa kiwewe utambuliwe rasmi katika mwongozo wa madaktari wa Marekani mwaka 1980. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya historia yao inayotufaa. Askari walianza, mtaalamu akaja alipo askari, na kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana.

Sasa nitasema ninaposimama. Namuunga mkono sajenti asome, na nitamfundisha mpaka nimwone amevuka. Ninachokipinga ni wazo, ambalo naliona hata kwake, kwamba kwanza ni cheti na baadaye ni huduma. Yule wa kilabuni hana miaka mitano ya kusubiri. Upande mwingine napinga pia sifa zinazoanza kumwagwa juu yake mtaani, eti shujaa anayewaokoa wenzake. Sifa hizo zinampunguzia mzigo kila aliyepaswa kuubeba pamoja naye. Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya ina watu wa afya ya akili. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko Dodoma, mbali na mfuko wa mstaafu. Chuo Kikuu Huria kina kituo mkoani, na upo utaratibu wa kutambua maarifa ambayo mtu ameyapata nje ya darasa. Mtu aliyeongoza seksheni porini, akagawa chakula kikatosha, akatuliza vijana wanaolia, ana maarifa ya kupimwa. Kwa nini aanzie pale pale anapoanzia binti wa miaka 17?

Na makanisa, ambayo Mbeya tunayo kila kona, yasikae pembeni. Wengi wa wastaafu hawa walipelekwa kwenye maombi kabla ya kupelekwa popote. Sioni ubaya wa maombi. Ubaya ni pale mchungaji anapoambia familia kwamba dawa ni ukosefu wa imani, na mgonjwa anaacha kidonge kilichokuwa kinampa usingizi.

Bado nina wasiwasi mmoja nisioweza kuuondoa kwa hoja. Ile insha ya mistari minne. Mtu anayetaka kuwasikiliza wengine hajaweza kuyaandika ya kwake kwenye karatasi ya mwalimu anayemwamini. Inawezekana kuwahudumia wenzake ni njia yake ya kutokaa na ya kwake. Nilimweleza dada muuguzi, naye hakushangaa. Alisema ndiyo kwanza amepata pa kuanzia, na sasa sajenti humwona peke yake mara moja kwa mwezi, kwa ajili yake mwenyewe.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wastaafu saba au wanane hukutana uani kwa mmoja wao, Uyole. Waliwekeana masharti wenyewe: vyeo vinabaki getini, habari za operesheni hazitajwi, na mazungumzo ya moyo hayafunguliwi dada muuguzi asipokuwepo. Mwezi uliopita alipiga simu kwamba zamu imembana. Nilikuwepo. Yule wa Mbalizi alikuwa amekuja na jambo, lilionekana usoni, na akaanza, "Afande, juzi usiku..." Sajenti akamshika bega, akamwambia atampitia kwake kesho asubuhi waende pamoja kwa dada. Akavuta ubao wa drafti, akapanga kete, wakacheza mpaka baridi ikawaingiza ndani.